Koti la Safta

Nguo zilitandikwa kitandani kwa mpango, kama kwamba mwenyewe kaingia kuoga na atatoka sasa hivi: gauni la buluu lenye maua madogo meupe, soksi nene, viatu vya ngozi vyenye kifungo, kitambaa chekundu cha kichwani, na juu ya vyote, koti la sufu. Koti hilo ndilo lililomtoa macho Mardhiya. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, zito, lenye bitana ya kung'aa na vifungo vikubwa. Mwanawe Zahra angeliona kwenye dirisha la duka kule Stratford angelipita bila kuuliza bei, maana jibu la mama yake alikuwa keshalijua.

"Bibi, hizi za nani?" aliuliza.

"Za dada yangu," alijibu Floarea kutoka kwenye kiti chake. "Za Safta."

Miaka miwili sasa Mardhiya alikuwa akiingia nyumba hiyo ya Edmonton asubuhi na jioni, kumwosha bibi huyo, kumvisha, kumlisha dawa zake na kumfunika. Alijua kuwa Floarea hana dada. Alikuwa na mjukuu mmoja tu, Solomon, ambaye alikuwa Ujerumani kwenye kazi za ujenzi na alipiga simu alipokumbuka. Floarea alikuwa Mroma kutoka Romania. Waroma ndio wale ambao dunia huwaita majipsi, na aghalabu huwaita hivyo huku imebana mkoba wake kwapani.

"Kaa," alisema Floarea. "Leo usinioshe. Nisikilize."

Walizungumza kwa Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja na chake, na kwa miaka miwili kilikuwa kimewatosha. Floarea alieleza kwamba wakati wa vita vile vikubwa serikali ya kwao, iliyokuwa upande mmoja na Hitler, iliwasomba Waroma kwa maelfu na kwenda kuwatupa mbali, kwenye kingo za mto Bug. Hawakupewa nyumba wala chakula. Walichimba mashimo wakalala humo. Nguo walizokwenda nazo waliziuza moja moja kwa unga wa mahindi, mpaka watu wazima wakawa wanajisitiri kwa magunia. Yeye alikuwa na miaka sita, Safta kumi na miwili. Siku moja theluji ilipozidi, Safta alivua gauni lake, akavua na koti, akamvisha mdogo wake vyote, akamkumbatia. Kulipokucha Safta alikuwa amekauka.

"Mimi nilifika hapa kwa koti lake," alisema Floarea. "Yeye walimtupa kwenye mkokoteni pamoja na wengine, uchi. Sijui walimfukia wapi."

"Mungu amrehemu," alisema Mardhiya, na machozi yakamjia kweli.

"Kwetu mtu akifa, nguo hutolewa kwa jina lake. Unamtafuta aliye hai, wa rika lake, mwanamke kwa mwanamke, mtoto kwa mtoto. Unamvisha nguo mpya kaburini, unampa chakula, naye anasema, 'Mungu amsamehe fulani.' Anachovaa yeye hapa, marehemu anavaa kule. Mama yangu nilimtolea. Mume wangu nilimtolea. Mwanangu nilimtolea. Safta sikuweza, kwa sababu sina kaburi. Ningesimama wapi?"

Alinyoosha kidole dirishani. Kwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba zile, watu wa jumuiya ya Waroma walikuwa wamekubaliwa kuweka jiwe la kumbukumbu. Lingezinduliwa tarehe mbili Agosti, siku ambayo Waroma huwakumbuka watu wao waliouawa katika vita vile.

"Sasa nina pa kusimama," alisema Floarea. "Zahra wako ana miaka mingapi?"

Mardhiya alilijua swali linakokwenda. "Kumi na miwili," alisema.

"Mlete. Avae, ale kidogo, aseme maneno yale. Baada ya hapo nguo ni zake, wala sitaki kitu kingine duniani."

Hapo ndipo Mardhiya alipoelewa kwa nini nyumba ile ilikuwa baridi msimu wote wa baridi uliopita, na kwa nini kila alipowasha hita alikuta imezimwa tena. Koti lile lilikuwa ndiyo hita ile: pesa za umeme ndizo zilizolinunua. Na sasa angewezaje kumwambia bibi wa watu kwamba ajensi iliyomwajiri hairuhusu mhudumu kupokea hata soksi, na kwamba nyumbani kwake kuna mume? Mzanzibari anaweza kuvumilia njaa, deni na hata matusi, lakini kumtazama mtu mzima usoni akamwambia "hapana", hilo ni muhali. Alisema ndiyo. Floarea aliushika mkono wake akaubusu, na Mardhiya aliona haya mpaka masikio yakamchemka.

Kabla hajaondoka, Floarea aliinuka kwa gongo lake, akaweka mkono juu ya koti, akasema maneno kwa lugha yake. Mardhiya alilisikia humo jina la Safta.

"Nimemwita," alieleza. "Nimemwambia aje Agosti, nguo zake ziko tayari."

Nyumbani, mumewe Hafidh alikuwa ametoka shifti ya ghala na miguu yake imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Aliisikiliza habari yote bila kukatiza, na hiyo kwa Hafidh haikuwa dalili njema.

"Ati nini?" alisema mwisho. "Mtoto wangu avishwe nguo za maiti?"

"Si za maiti, baba Zahra. Mpya. Zina lebo zake bado."

"Kanunuliwa nani? Si maiti? Basi ni za maiti. Mama Zahra, wewe umesoma chuo cha Kurani kama mie. Marehemu haki yake ni dua na sadaka, basi. Haya ya kumvisha mtu mbele ya jiwe ati mwengine apate joto ahera, tuyaite nini? Huna haja ya kunijibu, jina lake wewe walijua."

"Ni ajuza, yuko peke yake. Atafurahi tu."

"Na watu? Wapemba wote wa Edmonton wapita bustani ile wakienda sokoni. Kesho Edgware Road nzima itasema Hafidh kamtoa mtoto wake kwa majipsi."

Zahra, aliyekuwa ngazini akisikiliza kama kawaida yake, alijibu kwa Kiingereza kwamba yeye hajali, ni koti tu, na bibi yule ni mtu mzuri.

"Nenda kafanye kazi zako za skuli!" alifoka baba yake. Kisha, mtoto alipokwisha kupanda, sauti ilimshuka. "Na wetu je, mke wangu? Ami yangu Seif kachukuliwa mbele ya mama yake, mwaka wa sitini na nne, siku za Mapinduzi, hata viatu hakuachiwa avae. Mpaka leo hatujui kalazwa shimo gani. Bibi yangu kafa anauliza. Nani katuwekea sisi jiwe? Tukifungua mdomo twaambiwa twafukua makaburi."

"Ndiyo maana nikakwambia. Nilidhani wewe utaelewa kuliko mtu yeyote."

"Naelewa sana. Ndiyo maana nakwambia usinitie humo." Alitoa miguu majini. "Nshasema."

Mardhiya alibaki katikati, na katikati ndipo alipoishi maisha yake yote. Siku ya tatu alipokwenda kwa Floarea, bibi alikuwa keshazikunja nguo ndani ya mfuko, akamkabidhi ili Zahra azijaribu viatu visije vikambana. Alizichukua. Alizificha chini ya kitanda, na usingizi ukamkimbia.

Aliyemwokoa, au ndivyo alivyodhani, alikuwa Ameir. Ameir alikuwa Mpemba mwenye gari la mizigo, na kila baada ya miezi alikusanya mapipa ya wenziwe kupeleka nyumbani kwa meli. Alipogonga mlango kuulizia pipa, Mardhiya alipata fikra, na fikra yenyewe ilikuwa nzuri hata akashangaa kwa nini haikumjia mapema. Sadaka! Si Hafidh mwenyewe kasema? Na sadaka gani inayoshinda kumvisha yatima? Wete, kwao Pemba, mayatima wamejaa. Wifi yake Riziki angempata mmoja wa kike, amvishe nguo mpya kabisa kwa jina la Safta, na thawabu zingekwenda zenyewe zinakojua. Hafidh asingekuwa na la kusema. Bibi angekuwa amepata alilolitaka, tena kwa mtoto mwenye shida kweli kweli, si kwa Zahra mwenye makoti mawili. Na ajensi isingejua.

"Mama," alisema Zahra kwa Kiingereza, akimtazama anavyolisindilia koti ndani ya pipa kati ya sabuni na maziwa ya kopo, "Pemba si kuna joto?"

"Mvua pia zipo," alisema Mardhiya, akafunga mfuniko.

Alikusudia kumweleza Floarea kesho yake. Kesho yake bibi alikuwa na homa. Wiki iliyofuata alikuwa na furaha, na furaha ya mtu mzima nayo ina muhali wake. Mwisho Mardhiya alijipa moyo kwamba atangoja picha kutoka Pemba, amwonyeshe mtoto amevaa, na picha ijieleze. Lakini meli ilichelewa, na Agosti haikuchelewa.

Jiwe lilikuwa jeusi, dogo, kimo cha mtoto. Juu yake palichorwa gurudumu, alama ya Waroma, na chini yake maneno ya kuwakumbuka waliouawa. Siku chache kabla, mtu asiyejulikana alilimwagia rangi nyeupe. Walilisugua, lakini nyeupe ilibaki ndani ya herufi, na asiyejua angedhani ni urembo.

Mardhiya alimsukuma Floarea kwenye kiti cha magurudumu katika saa zake mwenyewe, bila kumwambia mtu ofisini. Bibi alikuwa amevaa nyeusi tupu na kupakata bakuli la ngano iliyochemshwa kwa sukari na njugu, pamoja na mshumaa. Langoni, mwanamke mwenye fulana ya kung'aa aliinama akamwambia kwa adabu kubwa kwamba samahani, mishumaa na vyakula haviruhusiwi, ni taratibu za bustani. Alivichukua akavitia kwenye sanduku la plastiki pamoja na miavuli ya watu. Viti vya mbele vilikuwa na karatasi za majina ya wageni, kwa hiyo Floarea aliwekwa nyuma, pembeni ya pipa la taka, mahali ambapo magurudumu yake hayatamkwaza mtu. Katika watu wote waliokuwapo bustanini siku ile, yeye peke yake ndiye aliyelala ndani ya shimo la kando ya Bug. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema.

Hotuba zilisomwa. Kijana mmoja wa Kiroma aliimba, na sauti yake ilimfanya Mardhiya ashike kifua bila kuelewa hata neno moja. Kisha watu walianza kwenda mmoja mmoja kuweka maua.

"Yuko wapi?" aliuliza Floarea.

Zahra alikuwa anaingia langoni. Baba yake alikuwa amemruhusu aje kutazama tu, naye alikuja kama alivyo, na suruali yake ya jinzi na fulana yake ya manjano. Alimsalimu bibi kwa kumshika mkono. Floarea alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye raba zake, akatazama nyuma yake, kama mtu anayetafuta mzigo.

"Atavalia wapi?" alisema. "Koti liko wapi?"

Mardhiya alichutama mbele ya kile kiti. Alieleza yote, harakaharaka, na kadiri alivyoeleza ndivyo ile fikra yake nzuri ilivyopungua mikononi mwake. Alisema mume. Alisema dini. Alisema yatima, hana baba wala mama, anavaa nguo mpya kwa jina la dada yako, Bibi, na kwetu hiyo ndiyo sadaka kubwa kabisa.

"Yatima gani?"

"Wa kwetu. Wa Pemba."

"Jina lake?"

"Wifi yangu atamchagua."

"Amekwisha kuvaa?"

"Bado. Meli... Zimo melini, Bibi. Zinakwenda."

Floarea hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aligeuza uso akalitazama jiwe, ambako sasa watu walikuwa wanapigana picha.

"Nilimwita," alisema. "Nilimwita kwa jina lake nikamwambia njoo, nguo ziko tayari. Miaka yote ile sikumwita hata siku moja, maana sikuwa na cha kumpa. Leo amekuja. Amesimama pale na wenzake. Wewe unamwambia zimo melini?"

"Tutanunua nyingine, Bibi. Leo hii. Mie nitanunua."

"Wewe si mtu wake." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kumwambia neno la kumtenga. "Nilikwisha kumwonyesha zile. Zile ni zake. Kwa zipi nyingine nitamwita, nimwambie nini?"

Zahra alianza kulia. Alivua fulana ya baridi aliyoifunga kiunoni, akaivaa, akamuuliza kwa Kiingereza kama hii haifai, yeye yuko tayari kusema maneno yoyote. Floarea alimpapasa shavu, akamwambia yeye ni msichana mzuri. Kisha aliomba kurudishwa nyumbani. Langoni walimrudishia bakuli lake na mshumaa, na mwanamke yule alimshukuru kwa kuja.

Walipofika mlangoni pake Floarea alisema, "Mtafute huyo mtoto. Avae zote, koti juu. Aseme Mungu amsamehe Safta. Pengine atasikia kutoka huko. Pengine."

Basi Mardhiya alianza kuishi kwa "pengine" ile. Kila alipoingia, Floarea aliuliza meli iko wapi, naye alimjibu kwa uaminifu: imefika Mombasa, imeshushwa, imepakiwa tena, iko Unguja. Ameir alichoka kupokea simu zake. Bibi alizidi kukonda. Septemba ilipoingia na asubuhi zikaanza kuwa za baridi, Mardhiya aliona jambo jingine: jioni akimfunika mablanketi, asubuhi anayakuta yamekunjwa vizuri juu ya kiti, na Floarea amelala na kanzu yake nyepesi, magoti yamemfika kidevuni.

Mapipa yalifika Wete. Mardhiya alipiga simu akiwa kituo cha basi, kidole kimoja kimeziba sikio la pili.

"Wifi! Mashallah, tumepokea!" Sauti ya Riziki ilikuwa imejaa furaha. "Mungu akupe zaidi. Watu wanakuombea huku, hujui tu."

"Zile nguo, wifi. Za yule yatima. Nlokwambia avae zote pamoja, umpige picha."

"Ah, zile! Nkaona kumpa mmoja zote ni kuwanyima wengine, na mayatima wenyewe ndo hawa, mlango haupumziki. Nkazigawa, thawabu zienee. Gauni kapata mtoto wa marehemu Bakari, wameshahamia Tanga na mama yake. Viatu vimekwenda Konde. Kile kitambaa, nsamehe wifi, nimekichukua mwenyewe, chekundu nakipenda."

"Na koti?"

Riziki alicheka, kicheko cha mtu asiye na baya moyoni. "Koti lile, mwenzangu, nani alivae na joto hili? Nshalikata. Nimefanya matambara ya kushikia masufuria. Mazuri, hayaunguzi hata kidogo! Mpaka majirani nimewapa."

Basi lilikuja likaondoka. Mardhiya aliegemea kioo cha kituo.

"Wifi, upo?"

"Nipo. Nisikize. Ntafutie mtoto yeyote wa kike, miaka kumi na miwili. Aseme kwenye simu, 'Mungu amsamehe Safta.' Basi. Nimrekodi."

"Safta ndo nani? Jamaa zetu?"

"Ni dada yake bibi ninayemhudumia. Waroma. Kafa zamani, vitani."

"Muislamu?"

"Hapana."

"Astaghfirullah, wifi. Nguo za sadaka haya, hizo ni nguo. Lakini nimtie mtoto wa watu mdomoni dua ya asiyekuwa Muislamu? Kesho mamake akiniuliza? Mie hilo siliwezi, usinitie dhambini. Huko Ulaya mmekuwa vipi nyie?"

Mardhiya hakumlaumu. Angemlaumu kwa lipi, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipeleka koti la theluji kwenye nchi ya jua? Pemba walikuwa wamefanya wema, Hafidh alikuwa amelinda dini yake, yeye alikuwa amemridhisha kila mtu. Hakuna hata mmoja aliyemkusudia Safta ubaya, na Safta alikuwa uchi vile vile.

Jioni ile alimkuta Floarea amelala, macho wazi. Chumba kilikuwa baridi kama cha kuwekea maiti. Mardhiya aliwasha hita, akapasha supu, akaja akakaa kitandani. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yote yalimkimbia, yakabaki yale mepesi.

"Bibi," alisema, "zimefika."

Macho ya Floarea yalimgeukia taratibu.

"Amezivaa. Mtoto mmoja, jina lake Time. Yatima. Amevaa zote."

"Na koti?"

"Na koti. Juu ya gauni. Limemkaa vizuri."

"Nani alimfunga vifungo?"

Mardhiya hakulitarajia swali hilo. "Bibi yake," alisema. "Ana bibi."

"Alisema maneno?"

"Alisema. Kwa sauti. Mungu amsamehe Safta, alisema hivyo, na watu wote waliokuwapo wakaitikia amina."

Hakukuwa na hasira katika macho ya Floarea, na hilo Mardhiya alilibeba baadaye kila alikokwenda. Bibi aliutoa mkono wake, akampapasa shavu kama alivyompapasa Zahra bustanini.

"Wewe una moyo mzuri," alisema. "Lakini jana alikuja. Alisimama hapo mlangoni. Hana kitu mwilini, mwanangu. Hana hata soksi."

Mardhiya aliinama akalia juu ya magoti ya bibi yule, akaomba msamaha kwa Kiingereza chake kile kibovu, kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza hakikumtosha. Alimweleza habari ya matambara ya masufuria. Alimweleza na ya Tanga na Konde. Floarea alisikiliza mpaka mwisho, akisema "ndiyo, ndiyo," kama anayesimuliwa mambo anayoyajua. Supu hakuinywa.

Saa ya kuondoka ilipofika, Mardhiya alivuta mablanketi akamfunika mpaka mabegani. Floarea aliyateremsha.

"Bibi, utaumwa. Baridi hii si ya mchezo."

"Najua ni ya nini. Niliivaa nguo yake nikiwa na miaka sita, nikaota joto, yeye akafa. Sasa nimezeeka. Acha tukae sawa."

"Nifanye nini, Bibi? Niambie la kufanya, nitafanya."

"Zima ile," alisema Floarea, akionyesha hita.

Mardhiya hakuizima. Alimfunika tena, na bibi alijifunua tena. Alimfunika mara ya tatu, akaingiza ncha za blanketi chini ya godoro, mpaka akaona kwamba anamfunga ajuza wa watu kama mahabusu, na mikono ikamlegea. Simu yake ilikuwa inalia: mteja wa pili alikuwa anamngoja, na ofisi ilitaka kujua kwa nini hajatoka. Alimbusu bibi kwenye paji la uso. Alipokuwa mlangoni alilisikia blanketi linaanguka sakafuni, na alikwenda zake.

Amisha, msimamizi wa ajensi, alikuwa mzaliwa wa Mombasa, na kwa Mardhiya alipenda kutumia Kiswahili ili mambo yasiwe makali. Alifunga mlango wa ofisi, akamkaribisha kiti, akamsogezea na sanduku la tishu.

"Pole sana, dadangu. Najua mlikuwa mmezoeana."

"Ahsante."

"Mazishi yatasimamiwa na kaunsili ya mtaa. Yule mjukuu hapatikani." Amisha alizungusha kalamu mezani. "Sasa kuna jambo lazima nikuulize, na usinielewe vibaya. Mhudumu aliyeshika zamu yako asubuhi amemkuta bila blanketi. Hita imezimwa. Ameenda mwenyewe kwa gongo akaizima, inavyoonekana, au imezimwa na mtu. Daktari ameandika baridi. Wewe ndiwe wa mwisho kumwona. Ulimfunika?"

"Nilimfunika."

"Mara ngapi nimewafunza hapa, mteja akikataa jambo, mtupigie? Alikataa?"

Mardhiya alitazama dirishani. Alifikiria aanzie wapi. Aanzie mtoni, au aanzie kwenye pipa? Amisha alikuwa mtu mwema, angesikiliza, angekuna kichwa, angeandika. Na kwenye karatasi yake ingekuwa nini, wazimu wa bibi au uzembe wa mhudumu? Safta angeingia kwenye mstari gani? Pale ofisini, katikati ya makabrasha na mashine ya chai, Mardhiya aliona kuwa sasa yeye ndiye mtu pekee duniani aliyebaki ambaye alisimuliwa na Floarea mwenyewe kwamba mtoto huyo aliwahi kuishi, kwamba alikuwa na koti, na kwamba alilivua. Na yeye hakuwa mtu wake.

"Mardhiya? Kwa nini hakutaka blanketi?"

"Alisema anaona joto," alisema Mardhiya.

Amisha aliitikia kwa kichwa, akaandika hivyo.